Ushuru wa Songwe, kesi ya Lilongwe: Mzigo ni wa nani mbele ya sheria?

LILONGWE – Lori linalovuka mto Songwe kutoka Kasumulu, upande wa Tanzania, huwa limebakiza zaidi ya kilomita 500 kabla ya kufika Lilongwe. Kwa mfanyabiashara wa kambi ya Dzaleka aliyepakia humo marobota yake ya vitenge, safari inaweza kuharibikia mpakani, afisa wa forodha anapomwambia kwamba bei iliyoandikwa kwenye ankara ni ndogo mno na kwamba ushuru utatozwa kwa thamani nyingine.

Hapo njia rahisi ni mbili: kulipa na kunyamaza, au kutafuta mtu wa "kusaidia". Njia ya tatu, ya kupinga hesabu hiyo kwa maandishi na kuifuatilia hadi mahakamani ikibidi, huonekana kuwa ni ya makampuni makubwa yenye mawakili. Kwa mkimbizi huonekana mbali zaidi.

Hata hivyo, ukizisoma sheria za Malawi pamoja na mikataba ambayo nchi hiyo imesaini, utakuta kwamba mfanyabiashara wa Dzaleka ana haki nyingi kuliko anavyodhani. Tatizo ni kwamba haki hizo hufuata jina lililo kwenye karatasi za forodha, na mara nyingine jina hilo si la mwenye mali.

Soko la Dzaleka

Kambi ya Dzaleka ipo wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kuhifadhi watu wasiozidi 14,000, lakini katika miaka ya karibuni imekuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha sokoni.

Wakazi hao walikuja na ujuzi wao wa biashara pamoja na jamaa zao walioko Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Dar es Salaam. Ndiyo maana bidhaa za njia ya kaskazini, kama vitenge, viatu, vyombo vya nyumbani na simu, zilipata wauzaji kambini na katika masoko ya Lilongwe.

Biashara hiyo ilitikiswa mwaka 2023. Mwezi Machi serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka ifikapo Aprili 15, na mwezi Mei ikaanza operesheni ya kuwakamata waliobaki nje. Amri kama hiyo iliyotolewa mwaka 2021 ilikuwa imesimamishwa kwa muda na mahakama. Maduka yalifungwa, na waliokuwa na bidhaa njiani walijikuta na mzigo usio na duka la kuupokea.

Mzigo ulio njiani hauzuiwi na tangazo la serikali. Unafika mpakani, unatathminiwa na unadaiwa ushuru. Mwenye mali akichelewa, gharama za ghala zinaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo swali la nani ana haki ya kusimama mbele ya forodha likawa swali la kupona au kupoteza mtaji.

Ugomvi unaanzia wapi

Migogoro mingi ya ushuru wa forodha, Malawi na kwingineko, huzaliwa na mambo matatu: thamani ya bidhaa, kundi la bidhaa katika kitabu cha ushuru, na nchi ilikotengenezwa.

Thamani ndiyo yenye kelele nyingi. Malawi ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) tangu mwaka 1995, na mkataba wa shirika hilo kuhusu thamani ya forodha unasema msingi wa kwanza wa hesabu ni bei iliyolipwa kweli au itakayolipwa kwa bidhaa hizo. Afisa anaruhusiwa kuitilia shaka ankara. Haruhusiwi kuiweka kando na kuchukua bei ya chini iliyopangwa kiholela, wala bei ambayo bidhaa kama hizo zilizotengenezwa ndani ya nchi huuzwa sokoni. Kifungu cha 16 cha mkataba huo kinampa mwagizaji haki ya kuomba maelezo ya maandishi ya jinsi thamani ilivyopatikana. Kifungu cha 13 kinataka nchi ziweke utaratibu wa kumruhusu achukue mzigo wake kwa kuweka dhamana, endapo uamuzi wa mwisho unachelewa.

Ni haki pia kuitazama hoja ya upande wa pili. Mamlaka ya Mapato ya Malawi (MRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, hukusanya sehemu kubwa ya fedha za serikali, na ankara za uongo ni ugonjwa halisi katika mipaka yote ya Afrika Mashariki na Kusini. Wapo wauzaji wanaomuuliza mteja aandikiwe bei gani. Afisa aliyeona ankara kumi za namna hiyo asubuhi hawezi kulaumiwa kwa kuitilia shaka ya kumi na moja, hata kama hiyo ndiyo ya kweli.

Hapa uhaba wa fedha za kigeni nchini Malawi unaongeza chumvi kwenye kidonda. Mwagizaji aliyelipa kupitia benki ana ushahidi wa malipo wenye tarehe na kiasi. Aliyenunua dola mtaani na kumlipa muuzaji taslimu Dar es Salaam hana kitu zaidi ya karatasi ya dukani. Bei yake inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini hawezi kuithibitisha.

Thamani ya kwacha nayo hugeuza hesabu mzigo ukiwa njiani. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na dola moja ikapanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700. Chukua mfano wa mzigo wa dola 2,000 unaotozwa ushuru wa asilimia 25. Kwa kiwango cha kwanza thamani yake ni kwacha 2,360,000 na ushuru ni kwacha 590,000. Kwa kiwango cha pili thamani inakuwa kwacha 3,400,000 na ushuru kwacha 850,000. Bado hapo haijaongezwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Mfanyabiashara anaona ameonewa kwa kwacha 260,000, kumbe afisa hajabadilisha chochote. Kupinga hesabu ya namna hiyo ni kupoteza muda, na ni vizuri kutambua mapema ugomvi upi hauna mguu wa kusimamia.

Kununua Kariakoo si kutengeneza Tanzania

Jambo la asili ya bidhaa huwapotosha wengi. Malawi na Tanzania zote zimo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo eneo lake huru la biashara lilizinduliwa mwaka 2008. Kutokana na hilo baadhi ya wafanyabiashara huamini kwamba chochote kinachotoka Dar es Salaam kinapaswa kuingia bila ushuru.

Si hivyo. Nafuu hiyo hupewa bidhaa iliyozalishwa au kusindikwa vya kutosha ndani ya nchi wanachama, na yenye cheti cha kuthibitisha asili yake. Kitenge kilichofumwa China na kununuliwa Kariakoo kinabaki kuwa cha China, hata kikikaa Tanzania mwaka mzima. Sabuni iliyotengenezwa kiwandani Dar es Salaam inaweza kustahili nafuu, ilimradi cheti chake kipo na kimejazwa sawasawa.

Kwa upande wa Zambia, Malawi imo katika eneo huru la biashara la Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika (COMESA), lililoanza Oktoba 2000. Huko kuna utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, wenye fomu fupi na orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, ambao hutumika katika mpaka wa Mchinji. Utaratibu huo wa COMESA hauhusu bidhaa za Tanzania, kwa kuwa Tanzania ilijitoa katika soko hilo mwaka 2000. Mtu mmoja anaweza kuvuka Mchinji leo na Songwe wiki ijayo, akakutana na kanuni mbili tofauti na kudhani kwamba afisa wa pili anamdhulumu.

Ngazi za kupinga

Asiyeridhika anaanza pale pale penye uamuzi, kwa kuomba sababu kwa maandishi. Hatua hii inaonekana ndogo lakini ndiyo inayobeba zote zinazofuata, kwa kuwa uamuzi wa mdomo ni mgumu kuukatia rufaa. Katiba ya Malawi, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa mujibu wa sheria na kwa utaratibu wa haki na vyombo vya utawala, na ya kupewa sababu za maandishi pale haki zake au maslahi yake yanapoguswa.

Kutoka hapo malalamiko hupelekwa ngazi za juu za MRA hadi kwa Kamishna Mkuu, ambaye makao yake makuu yapo Blantyre, zaidi ya kilomita 300 kusini mwa Lilongwe. Mkataba wa WTO wa kurahisisha biashara, ambao Malawi iliuridhia mwaka 2017, unataka mlalamikaji asiachwe akining'inia: uamuzi ukichelewa bila sababu, awe na haki ya kwenda ngazi inayofuata.

Ngazi hiyo ni mahakama. Marekebisho ya sheria ya mahakama ya mwaka 2016 yaliigawa Mahakama Kuu ya Malawi katika vitengo, na kimojawapo ni kitengo cha mapato, kinachosikiliza mashauri ya kodi na forodha. Faida yake ni kwamba jaji anayezoea mashauri hayo hahitaji kuelezwa upya ankara ni nini na cheti cha asili ni nini.

Aidha, yupo Mchunguzi wa Malalamiko ya Umma, ambaye Katiba inamruhusu kuchunguza dhuluma pale ambapo hakuna njia ya kimahakama inayofikika kirahisi. Kwa madai madogo yanayotokana na uzembe, kuchelewesha au lugha mbaya, mlango huo unaweza kufaa kuliko mahakama.

Jirani wa kaskazini ana kitu cha kufundisha. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania, inampa mwenye malalamiko siku 30 kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu tangu apokee maombi na maelezo aliyohitaji. Asipojibu, sheria inahesabu kwamba amemkubalia mlalamikaji. Akikataa, kuna siku 45 za kukata rufaa. Kipengele cha ukimya kuhesabiwa kuwa kibali ndicho kinachomlinda mtu mdogo, kwa sababu ukimya ndio unaommaliza: kila siku ya kusubiri inakula mtaji wake, wakati ofisi haipotezi kitu.

Mkimbizi na mkataba wa 1951

Malawi iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa kuweka masharti tisa. Ilijizuia kwenye vifungu vinavyohusu, miongoni mwa mengine, ajira ya mshahara, mali, vyama, elimu ya umma, uhuru wa kutembea na uraia. Masharti hayo ndiyo msingi wa kuwataka wakimbizi wakae Dzaleka.

Lakini orodha hiyo ni muhimu pia kwa vile visivyomo. Kifungu cha 16, kinachompa mkimbizi haki ya kufika mahakamani na kupata msaada wa kisheria sawa na raia, hakimo. Kifungu cha 18, kuhusu kujiajiri katika biashara, hakimo. Kifungu cha 29, kinachokataza kumtoza mkimbizi ushuru, ada au kodi kubwa kuliko anayotozwa raia katika hali kama yake, hakimo pia. Kwa maneno mengine, Malawi ilivikubali vifungu hivyo vitatu bila sharti.

Kwenye karatasi, basi, mkimbizi na raia wanasimama sawa mbele ya dirisha la forodha. Kwenye barabara hali ni tofauti. Mkimbizi anahitaji kibali ili atoke kambini. Kufuatilia shauri kunataka kwenda Songwe kuchukua nakala, Lilongwe kumwona wakili, pengine Blantyre kuonana na maofisa. Kila safari ni kibali, nauli na siku isiyo na mauzo. Haki ya kushtaki ipo, ila inagongana na sharti la kutotembea.

Kikwazo cha pili kinaumiza zaidi. Ili kutoa mzigo wa biashara unahitajika usajili wa mlipa kodi. Asiye nao, au anayeogopa kuuomba, hushawishika kupitisha mali kwa jina la rafiki, la jirani raia au la wakala wa forodha mwenyewe. Mzigo unapita haraka na kila mtu anafurahi, mpaka siku ugomvi unapotokea.

Siku hiyo forodha inamtambua aliyetajwa kwenye tamko. Yeye ndiye anayeandikiwa barua, ndiye mwenye haki ya kupinga, na ndiye atakayerudishiwa fedha zikirudishwa. Mwenye mali halisi anageuka mtazamaji. Akiamua kusema ukweli kwamba mali ni yake, anajiweka kwenye hatari ya kuulizwa kwa nini tamko lilisema vingine. Mwenye jina naye hana haraka, kwa kuwa si mtaji wake unaooza ghalani. Ushuru uliozidi kwa asilimia kumi unauma, lakini kukosa hata nafasi ya kulalamika kunaweza kumaliza biashara nzima.

Mahakama za kanda

Je, mashauri haya yanaweza kwenda nje ya Malawi? Jibu linategemea mzigo umeingia kwa mkataba upi.

Kwa COMESA mlango upo. Kifungu cha 26 cha mkataba wake kinamruhusu mtu yeyote "mkazi" wa nchi mwanachama kuipinga hatua ya nchi hiyo mbele ya Mahakama ya COMESA, baada ya kumaliza njia za mahakama za ndani. Kinataja ukazi, hakitaji uraia, na hilo ni neno zito kwa mtu ambaye ameishi Dzaleka miaka 15.

Mfano unaojulikana ni wa kampuni ya Polytol ya Mauritius, iliyokuwa ikiagiza rangi kutoka Misri. Mauritius ilirudisha ushuru kwa bidhaa hizo mwaka 2001, ingawa nchi zote mbili zilikuwa zimeingia katika eneo huru la biashara. Mahakama za Mauritius ziliikatalia kampuni hiyo kwa hoja kwamba mkataba wa COMESA haukuwa umeingizwa katika sheria za nchi. Mwaka 2013 Mahakama ya COMESA ilisema kwamba Mauritius ilikiuka kifungu cha 46 cha mkataba, na kwamba nchi haiwezi kujificha nyuma ya sheria zake za ndani ili kukwepa ahadi iliyoisaini. Jibu hilo lilipatikana zaidi ya miaka 10 tangu ushuru urudishwe. Kampuni inaweza kusubiri hivyo. Muuza vitenge hawezi.

Kwa SADC mambo ni magumu zaidi. Mahakama yake ilisimamishwa mwaka 2010 baada ya hukumu ya mashamba ya Zimbabwe katika shauri la Campbell, na mwaka 2012 wakuu wa nchi waliamua kwamba mahakama mpya ishughulikie migogoro kati ya serikali tu. Kwa hiyo bidhaa iliyopita Songwe kwa nafuu ya SADC haina mahakama ya kanda ambako mwenye mali anaweza kwenda mwenyewe. Anategemea serikali mbili zizungumze.

Nazo huzungumza kwa muda wao. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, zikiwemo mchele, unga, ndizi na tangawizi, hatua iliyowagusa sana wakulima wa Tanzania. Aprili mwaka huo Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Siku chache baadaye ililegeza zuio hilo ili kupisha mazungumzo. Hakuna mahakama iliyotumika. Wenye malori waliokuwa mpakani siku hizo walilipa gharama ya ugomvi ambao hawakuuanzisha na ambao hawakuwa na pa kuupeleka.

Kesi au kujipanga?

Kwa hesabu ya kiuchumi, shauri la Mahakama Kuu lina maana pale tu fedha zinazogombaniwa zinapozidi kwa mbali gharama ya wakili, safari na muda. Kwa kwacha 260,000 za mfano wa juu, jibu ni hapana. Kwa lori zima lililokamatwa, jibu linaweza kuwa ndiyo. Katikati kuna migogoro mingi ambayo itaishia mezani kwa afisa au haitaisha kabisa, na hiyo ndiyo inayohitaji kufanyiwa kazi kwanza.

Kwa upande wa serikali, mambo mawili yangepunguza ugomvi bila kupunguza mapato. La kwanza ni muda wa kujibu unaobana pande zote, kwa mfano wa siku 30 za Afrika Mashariki. La pili ni kumrahisishia mkimbizi mwenye biashara usajili wa mlipa kodi akiwa Dzaleka kwenyewe, kwa kitambulisho chake, na kuhesabu barua ya wito wa forodha au mahakama kuwa sababu tosha ya kibali cha kutoka kambini. Mtu aliyesajiliwa kwa jina lake ni rahisi kumtoza kodi kuliko aliyejificha nyuma ya wakala, na MRA ndiyo ya kwanza kufaidika.

Kwa upande wa wafanyabiashara, kinga ni rahisi kuliko tiba. Ankara iwe na jina la mwenye mali na bei aliyolipa kweli. Malipo yapite benki au kwenye simu ili yaache alama. Cheti cha asili kiombwe kiwandani kabla ya lori kuondoka, kwa sababu kukitafuta mzigo ukiwa Songwe ni kujichelewesha. Anayelazimika kutumia wakala aandikiane naye mkataba unaosema mali ni ya nani na nani atapinga uamuzi ukija vibaya. Pakitokea tofauti, neno la kwanza dirishani liwe ombi la sababu kwa maandishi, na tarehe ya barua hiyo ihifadhiwe.

Sheria imekwisha kusema kwamba mkimbizi wa Dzaleka asitozwe ushuru zaidi ya raia, na kwamba mlango wa mahakama ni wake pia. Kwa muuza vitenge anayesubiri lori lake wiki hii, jambo la kukagua ni tamko la forodha: jina lililoandikwa pale ndilo litakaloitwa siku ya kudai.